Mkono Uliosita

Kamaludin bin Faraj alikuwa na duka la nguo Ndia Kuu, duka la mlango mmoja alilolirithi kwa babake, na katika wauzaji wote wa mtaa ule hapakuwa na aliyemshinda kwa kuzijua nguo. Ungemfumba macho ukampa kipande ashike kwa vidole viwili, angekwambia hii bafta, hii doria, hii ya Bombay, na hii ya Japani iliyoingia kabla ya vita. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na sita. Alikuwa mpole kwa wateja na mwenye haya mbele ya wakwe. Mkewe, Hafswa, alikuwa amemzalia binti mmoja, Khairiya, ambaye ndio kwanza atimize miaka mitatu. Haya nayaeleza mapema ili mtu asije akadhani Kamaludin alikuwa mtu mbaya.

Mwaka ule wa 1947, kilichomtia matatani kilianza kwa kicheko.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya sala, nyumbani kwa mkwewe mzee Badawi. Palikuwa na chakula cha kumkaribisha Amin, mwana wa nduguye mzee Badawi, aliyekuwa amerudi kutoka Uganda alikokwenda kusomea ualimu kwa miaka minne. Sasa alikuwa ameajiriwa kufundisha hesabu na sayansi katika shule moja hapo kisiwani. Wanaume walikuwa ukumbini juu ya mikeka, wanawake wako ndani, na kati yao pazia jeupe la melikani. Masinia yalikuwa yameshaondolewa na kahawa inapitishwa.

"Haya, mwanangu," mzee Badawi akasema, "huko Uganda mumesomeshwa nini ambacho sisi hatukijui?"

Amin akaona haya kidogo. Alikuwa kijana mwembamba mwenye vidole virefu. Akaomba bilauri, karata moja na sumni, ile sarafu ya nusu shilingi. Karata akaiweka juu ya mdomo wa bilauri, na sumni juu ya karata.

"Ami, nikiiondoa karata, sumni itakwenda wapi?"

"Itakwenda na karata. Si imeikalia?"

Amin akaipiga karata kwa ukucha. Karata ikaruka mpaka magotini mwa mtu aliyeketi ng'ambo, na sumni ikatumbukia ndani ya bilauri ikalia. Watu wakasogea.

"Karata nimeipiga, sumni sikuipiga," Amin akasema. "Kitu kilichotulia hakiondoki mpaka kisukumwe. Na kikishaondoka hakisimami mpaka kizuiwe. Karata imepita upesi mno, haikupata muda wa kuivuta sumni ifuatane nayo."

Mzee Badawi akataka arudie. Alipokwisha kurudia, mtu mmoja akasema hiyo ni karata tu, kitu chepesi. Amin akatazama huku na huku, akasogeza kimeza cha kahawa kilichokuwa kimetandikwa kitambaa, juu yake finjani nne zimejaa. Akakishika kitambaa kwa mikono miwili, akavuta mara moja kuelekea chini. Kitambaa kikawa mikononi mwake. Finjani zikabaki pale pale, kahawa ndani yake ikitikisika tu.

Nyuma ya pazia wanawake walikuwa wakichungulia. Wakacheka, na katika vicheko vile Kamaludin akakisikia cha mkewe. Hafswa alikuwa na kicheko kinachoanza chini, kama cha mtu anayejizuia, kisha kikamtoroka. Kwa miaka sita Kamaludin aliamini kwamba kicheko kile hakuna aliyekijua ila yeye, na kwamba pa kusikika ni chumbani kwao tu.

"Kitambaa hicho nimekiuza mimi," akasema kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia. "Ni satini. Satini haishiki kitu. Kingelikuwa kitambaa kingine, finjani zote zingelianguka."

"Kweli kabisa, Bwana Kamaludin," Amin akasema. "Kitambaa laini ndiyo nusu ya kazi."

Amin alisema hivyo kwa adabu, bila kejeli yoyote, na adabu ile ilimuuma Kamaludin kuliko vile angalibishiwa.

Lilikuwako jambo la zamani. Kabla Kamaludin hajaposa, watu walikuwa wakisema Hafswa ni wa Amin, kwa kuwa ni watoto wa ndugu wawili na binamu ndiye mwenye haki ya kwanza. Kisha Kamaludin akapeleka posa yake, na jibu likarudi wiki ile ile kwamba amekubaliwa. Kwa nini Amin aliachwa, Kamaludin hakuambiwa, naye hakuuliza. Alioa, akafurahi, na jambo lile akaliweka kama mtu anavyoweka robota ghalani asikofika mara kwa mara.

Waliporudi nyumbani, Kamaludin alikuwa amembeba mtoto aliyelala begani, na Hafswa akitembea kando yake ndani ya buibui.

"Amin hakubadilika," Hafswa akasema. "Tangu udogoni hakuachi kitu kikae mahali pake. Siku moja alitia maji ndooni akaizungusha juu ya kichwa chake, tukakimbia sote tukidhani tutaroa. Halikumwagika hata tone."

"Mlikuwa mkicheza pamoja," Kamaludin akasema.

"Watoto wa nyumba moja watacheza na nani?"

Tangu hapo, usiku na mchana ndoo ile ikawa inazunguka kichwani mwa Kamaludin.

Siku zilizofuata alianza kumsikiliza mkewe kama karani anavyomsikiliza shahidi. Alhamisi moja alimkuta uani anapiga busati lililotundikwa kambani. Vumbi lilikuwa likitoka mawingu mawingu.

"Unajua," Hafswa akasema, amejifunga leso kiunoni, "vumbi si kwamba nalipiga likatoka. Mimi napiga busati. Busati ndilo linaloondoka, vumbi likabaki nyuma hewani."

"Nani amekwambia hayo?"

"Si aliyosema Amin? Karata na sumni."

"Watu wamepiga mabusati tangu zama za Mreno bila Amin."

Hafswa akamtazama, akaona ni mzaha, akaendelea kupiga. Jioni yake kichwa cha nyundo kililegea, na Kamaludin alipougonga mpini sakafuni ili kichwa kishuke na kukaza, alijiona mwenyewe akingoja mkewe aseme jina la Amin. Hafswa hakusema kitu. Kamaludin akakasirika hata kwa hilo.

Ndipo alipoamua kwamba kitambaa ni chake. Sumni na karata mwalimu abaki nazo, lakini mambo ya kitambaa hayawezi kumpita mwana wa Faraj.

Juu ya duka palikuwa na ghala. Kila adhuhuri alipofunga mlango wakati wa joto, alipanda huko na vikombe vinne vya bati. Akatandika kipande cha satini juu ya sanduku, akavipanga, akavuta. Siku ya kwanza vilianguka vyote, na kelele zake zikamtoa Yeslam, jirani yake wa upande wa kulia, muuza buni na viungo, ambaye babu yake alikuja kutoka Hadhramaut. Yeslam alipanda ngazi polepole akachungulia.

"Unafukuza panya?"

"Najifunza jambo."

Yeslam akaketi juu ya robota la melikani akamtazama akivuta mara ya pili na ya tatu. Hakuuliza sababu. Baada ya siku mbili alikuwa akija na kahawa yake, akaketi pale pale kama mtu aliyekwenda kutazama mpira.

Kamaludin alikuwa mwanafunzi mzuri. Aligundua kwamba upindo wa kitambaa hunasa, kwa hiyo akatumia kipande kisicho na upindo. Aligundua kwamba kuvuta kuelekea kwako huinua vitu, lakini kuvuta chini kwenye ukingo huviacha. Akagundua kwamba kikombe kilichojaa maji ni rahisi kuliko kitupu, maana kizito hukaidi zaidi kuondoka. Zaidi ya yote akagundua kwamba mkono usifikiri. Ukianza, uende mpaka mwisho. Siku ya kumi alivuta chini ya bilauri nne zilizojaa, na maji hayakumwagika.

Alisimama na kitambaa mkononi, akatabasamu peke yake. Kwa kitambo kidogo alikuwa amemsahau Amin. Alikuwa amefurahi tu, kama mtu aliyeweza jambo.

"Mashaallah," Yeslam akasema. "Sasa nenda ukamwonyeshe mkeo, mkiwa nyinyi wawili tu. Atafurahi."

"Yeye keshaonyeshwa," Kamaludin akajibu.

Yeslam akakinywa kilichosalia katika finjani yake. "Bwana Kamaludin, mimi ni jirani tu. Lakini jambo hili likitoka ghalani litakuwa jambo jingine."

Jioni ile ile Kamaludin akapeleka mwaliko kwa mzee Badawi na kwa Amin, waje kula biriani Ijumaa. Yeslam naye akamwalika.

Hafswa alifurahi kwa mwaliko ule. Aliona mumewe ameanza kumpenda jamaa yake. Alikesha akichambua mchele, ambao mwaka ule ulikuwa bado wa shida, akakaanga vitunguu tangu alfajiri. Kamaludin alikuwa akimtazama jinsi alivyokuwa na bidii, na kila kitunguu alichokikata akaona ni cha mtu mwingine.

Katika ukumbi wao mlikuwa na vidaka ukutani, kama nyumba zote za kale, na ndani ya vidaka mabakuli sita ya kauri, meupe yenye maua ya buluu. Yalikuwa ya Nana Sheikha, mamake mzee Badawi. Alimpa Hafswa mwenyewe kwa mkono wake siku ya harusi, na mwaka uliofuata akafa. Hayakutiwa chakula. Yalishushwa kufutwa vumbi, yakarudishwa.

Wageni walipofika na kuketi, Hafswa akiwa ndani anapakua, Kamaludin alileta kimeza akakitandika satini ya rangi ya zabibu, isiyo na upindo. Kisha akaenda kwenye vidaka, akayateremsha mabakuli yote sita, akayapanga mezani, akayajaza sharubati.

Mzee Badawi aliyatazama mabakuli ya mamake. "Leo tunakunywa kwa heshima kubwa," akasema, akidhani ndivyo.

"Kwanza kuna jambo, baba," Kamaludin akasema. "Mwalimu alituonyesha finjani nne. Finjani ni kitu kidogo."

Amin alikuwa ameketi karibu na kimeza. Akaelewa papo hapo. "Bwana Kamaludin," akasema taratibu, "kauri ile ni ya kale. Tafuta vyombo vingine, tutatazama sote."

"Unaogopa yatavunjika?"

"Naogopa, ndiyo."

"Mimi siogopi."

Akazishika ncha mbili za kitambaa. Nyuma ya pazia Hafswa alikuwa amekuja na sinia la kwanza, akaona.

"Baba Khairiya," akaita. "Hayo ni ya Nana."

"Najua."

"Baba Khairiya, tafadhali."

Kamaludin akavuta. Mkono ulianza vizuri, kwa kasi ile ile ya ghalani. Lakini wakati ule ule pazia lilifunguka. Hafswa alikuwa amelifungua kwa mkono mmoja, uso wazi mbele ya wageni, jambo asilolifanya hata siku moja, na Kamaludin akainua macho amtazame. Hafswa hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Amin.

Mkono ukasita. Kusita kwenyewe hakukuwa kwa muda wa kupepesa jicho, lakini kitambaa kikapata nafasi ya kuyashika mabakuli, na mabakuli yakaondoka nacho. Mawili yaligongana yakapasuka mezani. Matatu yakaenda moja kwa moja mpaka ukingoni na kupita ukingo, yakaangukia sakafu. La sita lilielekea upande wa Amin, naye akalidaka kwa mikono miwili, sharubati ikammwagikia kanzu nzima.

Sharubati ilikuwa ikitiririka chini ya mkeka.

"Liweke," Kamaludin akasema.

"Bwana Kamaludin..."

"Liweke chini. Si lako."

Wote waliokuwapo walilisikia neno lile na wote walijua kwamba hakuwa akisema bakuli. Amin akaliweka bakuli sakafuni kwa uangalifu, akainuka. Mzee Badawi alikuwa ametazama pazia, ambalo sasa lilikuwa limefungwa, kisha akatazama vipande vya mabakuli ya mamake.

"Amin, nipe bakora yangu," akasema.

Wakatoka bila kula. Biriani ilikuwa ikitoa moshi nyuma ya pazia, wala hakuna aliyeigusa. Yeslam alibaki nyuma kidogo. Alichutama akaokota vipande vilivyorukia mlangoni, mtoto asije akavikanyaga, akavipanga juu ya kizingiti, akaenda zake.

Hafswa hakupiga kelele. Kamaludin alikuwa tayari kwa kelele. Alikuwa na majibu yake. Mkewe alikuja na leso, akavikusanya vipande vyote, akavifunga fundo, akalitia fundo sandukuni. Bakuli lililosalia akalirudisha kidakani. Kisha akaendelea na kazi za nyumba. Alipika, akapakua, akafua. Ukimwuliza alijibu, na jibu lilikuwa ndiyo au la. Siku ya pili ikawa hivyo, na ya tatu. Dukani Kamaludin alikata yadi nne kwa mteja aliyetaka tatu, huku Yeslam akimtazama kutoka mlangoni.

Siku ya tano alishindwa. Alimkuta Hafswa akipiga pasi, makaa yakiwaka ndani ya pasi, kanzu ya mumewe juu ya meza.

"Kwa nini ulimtazama yeye?"

Hafswa akaisimamisha pasi kando. "Nilikuita mara mbili. Hukunisikia. Nilimtazama yeye kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu na mkono wako, akuzuie. Angelikuwa Yeslam, ningelimtazama Yeslam."

"Na ile Ijumaa kwa babako? Ulicheka."

"Nilicheka. Nisicheke?"

Kamaludin akatoa neno lililokuwa chini ya mengine yote.

"Alikuposa."

"Aliniposa," Hafswa akasema. "Baba akaniuliza, nikasema simtaki. Zikaja habari zako, nikasema huyu namtaka. Miaka sita umekaa na jambo hili, na hukuniuliza hata siku moja."

"Mbona hukunambia?"

"Ningekwambia nini? Kwamba kuna mtu nimemkataa? Hilo mtu husitiriwa. Si jambo la kumpa mume ajivunie barazani." Akaishika pasi tena, akaona imepoa, akaiweka. "Kamwombe radhi."

"Yeye?"

"Mgeni wako. Ulimwita nyumbani ukamtoa na njaa. Kisha nenda kwa baba, naye ana lake. Mimi niache mwisho, mimi nipo."

Amin alipewa chumba Kizingo, nyuma ya nyumba za walimu, mahali pa miti mikubwa na ukimya, ambako watu walipita kwa motokaa na mtu anayetembea kwa miguu alionekana mgeni. Kamaludin alitembea. Njia nzima alikuwa na hotuba mbili kichwani, moja ya kuomba radhi na nyingine ya kumwambia Amin asikanyage tena nyumbani kwake, wala hakujua ni ipi itakayotoka kinywani.

Alimkuta anasahihisha madaftari, vidole vimejaa wino wa rangi nyekundu. Amin akasimama, akamwamkia, akampa kiti chake na mwenyewe akaketi juu ya kitanda.

"Nimekuja kukuomba radhi," Kamaludin akasema. "Ulikuwa mgeni wangu."

"Nimekusamehe. Nami nikuombe wewe. Ningelijua mchezo ule utafika huko, nisingeliufanya."

Kamaludin angeweza kuondoka hapo. Lakini lilikuwako jambo lililokuwa likimkera kama fundi, mbali na mengine.

"Ghalani niliweza," akasema. "Bilauri nne, siku sita mfululizo. Halikumwagika hata tone."

"Nilikuona ulipoanza. Ulianza vizuri kuliko mimi." Amin akachukua karatasi, akaweka juu yake kidau cha wino, akaivuta karatasi polepole, kidau kikaja pamoja nayo mpaka ukingoni mwa meza. Akakirudisha, akaivuta kwa ghafla, kidau kikabaki. "Ukivuta polepole, karatasi inapata muda wa kukichukua. Mkono wako ulisita katikati. Ni hilo tu."

"Niliutazama uso wake," Kamaludin akasema.

Amin akainamisha macho juu ya kidau.

"Hata mimi ningeliutazama," akasema.

Kisha kama aliyesikia sauti yake mwenyewe amechelewa, akainua kichwa. "Nisamehe. Halikuwa neno la kusema. Nimeshaomba nipelekwe shule ya Malindi. Niliomba kabla ya chakula kile, si baada yake. Nitakwenda mwezi wa kwanza."

Basi Kamaludin alikuwa amepata alichokitafuta. Miezi miwili alikuwa akitafuta ushahidi, na sasa mwenyewe ameutoa kwa kinywa chake. Alingoja hasira ije. Ilikuja, lakini ilikuta mbele yake kijana mwenye wino vidoleni, aliyeambiwa hapana miaka sita iliyopita na tangu siku hiyo hakumwambia mtu. Hakujua la kufanya na hasira yenyewe.

"Malindi kuna joto," akasema hatimaye.

"Wanasema."

"Njoo ule kwetu kabla hujaondoka. Biriani ya siku ile hukuila."

Amin akamtazama kwa shaka. "Hafswa atasemaje?"

Jina lile katika kinywa cha Amin lilimchoma Kamaludin pale pale, kama siku ya kwanza. "Hafswa ndiye aliyenituma," akasema.

Kufika nusu ya njia ya kurudi alikuwa ameshajuta kumwalika. Alisimama kando ya ukuta mrefu wa nyumba moja kubwa, akafikiri arudi akasema mambo yamebadilika, kuna mgonjwa, kuna safari. Motokaa mbili zikampita. Wivu ulikuwa umekwenda naye miezi mizima, na haukusimama kwa sababu yeye ameamua kusimama. Mwishowe akaendelea na njia.

Siku ya pili alikwenda kwa mzee Badawi. Mzee alimketisha, akamletea mkate na chai, akangoja mpaka amalize kula ndipo akamruhusu kusema. Kamaludin akasema yote. Mzee alisikiliza huku akiichezea bakora.

"Mama alikuwa na mabakuli kumi na mbili," mzee akasema. "Sita niliyavunja mimi, nikiwa mkubwa kuliko wewe, na sababu yangu siisemi. Mama hakunisemesha mwezi mzima. Wewe umekaa siku ngapi?"

"Tano."

"Basi mwanangu ni mpole kuliko mama."

Habari za Kizingo alimweleza Hafswa siku ile ile aliporudi kutoka kwa mzee Badawi, pamoja na neno la Amin. Alifikiri kulificha, akaona akilificha litakaa ghalani pamoja na lile la posa. Hafswa alilisikia mpaka mwisho. Hakushangaa wala hakufurahi.

"Hilo usingenambia," akasema. "Amekwambia wewe, hakuniambia mimi."

"Ulijua?"

"Mwanamke anajua. Kujua si kutaka."

Chakula kilifanyika mwezi wa kumi na mbili, Ijumaa, na waalikwa walikuwa wale wale. Mazungumzo yalikuwa mazito kama gari la mkokoteni lililojaa saruji. Kila mtu alilisukuma kidogo. Walizungumza bei ya mchele. Walizungumza barabara ya Malindi na vivuko vyake. Yeslam, Mungu amrehemu, alizua hadithi ndefu ya gunia la buni lililopotea na kupatikana, mpaka watu wakacheka na mambo yakaanza kwenda yenyewe. Biriani ililiwa ikamalizika. Amin alikula sana. Alipoaga, Kamaludin alimsindikiza hadi mwisho wa kichochoro na kumpa kipande cha doria cha kushonea kanzu, wakapeana mikono.

Lakini tangu bismillahi hadi alhamdulillahi, Kamaludin alikuwa akihesabu. Alikuwa amejiambia hatahesabu, na akahesabu.

Wageni walipokwisha kutoka, Hafswa alikuja kukusanya vyombo, Khairiya amemng'ang'ania leso.

"Ulihesabu," akasema bila kumtazama.

"Nilihesabu nini?"

"Macho yake yalikuja kwenye pazia mara ngapi."

Kamaludin akaona hakuna faida ya kukataa. "Mara mbili."

"Na mimi nilichungulia mara ngapi?"

"Wewe sikukuona. Pazia lilikuwa limefungwa."

"Basi hujui kitu," Hafswa akasema. Akamweka mtoto mapajani mwa babake, akalibeba sinia, akaenda uani. Kamaludin akabaki ameketi palipokuwa pamekaa wageni, binti yake akimvuta ndevu, naye akiyasikia maji yakimiminwa juu ya vyombo.